Maswali ya Barazani: Serikali Inapopinga Safari ya Mpinzani Wake Aliye Uhamishoni

Dele la kahawa huwa halijazunguka mara ya pili, mtu ameshauliza: "Hivi dola kubwa kama ile yaogopa nini kwa bibi mmoja?" Swali hili nimelisikia Kibokoni, nimelisikia Majengo baada ya Isha, na jamaa zetu walio Jeddah na London huniandikia lile lile. Nimeyakusanya hapa yanayorudiwa sana pamoja na majibu yake, ili atakayeuliza kesho apate pa kuanzia. Mfano ninaoutumia zaidi ni safari za mwaka 2009 za Rebiya Kadeer, mama wa Kiuighur anayepingwa na serikali ya China, kwa kuwa Wauighur wa magharibi mwa China ni Waislamu wenzetu na habari zao ndizo zinazozungumzwa sana kwetu. Nimeongeza na kisa cha Dalai Lama, kiongozi wa kidini wa Watibeti, na Afrika Kusini, kisha kisa chetu wenyewe.

## Mwanzo wa mambo

Mpinzani aliye uhamishoni ni nani? Ndiye mkimbizi?

Ni mtu aliyeikosoa serikali ya kwao mpaka kukaa kwao kukawa hatari, au akafungiwa mlango asirudi, naye akaendelea kusema akiwa nje. Wengine ni wakimbizi kisheria na husafiri kwa hati inayotolewa chini ya Mkataba wa Wakimbizi wa 1951. Wengine wameshachukua uraia mpya. Wengine wana karatasi za namna yake: Dalai Lama, aliyeikimbia Tibet mwaka 1959 na kupokewa India, husafiri kwa hati ya utambulisho ya serikali ya India, si kwa pasipoti.

Tofauti hizi zina uzito. Mwenye pasipoti ya nchi kubwa si rahisi kumzuia njiani. Mwenye hati ya ukimbizi, kila mpaka kwake ni mtihani mpya, na ofisa mmoja wa viza anaweza kuizima safari yake bila kueleza sababu.

Rebiya Kadeer ni nani?

Ni mama wa Kiuighur kutoka Xinjiang, magharibi mwa China, aliyeanza kwa kufua nguo za watu na akaishia kuwa miongoni mwa wanawake matajiri zaidi nchini humo, na duka lake kubwa mjini Urumqi. Serikali ilimwenzi. Aliteuliwa katika Baraza la Mashauriano la Kisiasa la taifa, na mwaka 1995 alikuwa kwenye ujumbe wa China katika mkutano wa wanawake wa Umoja wa Mataifa uliofanyika Beijing. Kisha akaanza kusema waziwazi kuhusu hali ya watu wake.

Agosti 1999 alikamatwa akiwa njiani kwenda kuonana na ujumbe wa Bunge la Marekani. Mwaka uliofuata alihukumiwa kifungo cha miaka minane. Kosa lililotajwa lilihusu magazeti aliyomtumia mumewe aliyekuwa Marekani. Aliachiwa Machi 2005 akahamia Marekani, na kuanzia 2006 hadi 2017 aliongoza Kongamano la Wauighur Duniani. Serikali ya China humwita mtenganishi, na ilimtwika lawama ya ghasia za Urumqi za tarehe 5 Julai 2009. Yeye alikanusha.

Serikali "kupinga ziara" ni kufanya nini hasa?

Kwanza huwa ni maneno ya faragha: ubalozi unaiandikia wizara ya mambo ya nje ya nchi mwenyeji, au unapiga simu. Hayo yasiposikilizwa, balozi wa nchi mwenyeji huitwa wizarani asomewe malalamiko. Halafu hutoka taarifa hadharani. Baada ya hapo ndipo hufuata vitendo, kama kuahirisha ziara ya waziri, kusimamisha mazungumzo ya biashara, au kupunguza watalii.

Mara nyingi serikali haiishii juu tu kwa serikali mwenzake. Hushuka chini kwa wenye ukumbi, chuo kikuu, chama cha waandishi, hata mwenye tamasha. Hapo ndipo mwananchi wa kawaida anapoguswa kwa mara ya kwanza.

Shikeni jambo hili moja, kwani majibu mengi yaliyo hapa chini yanalitegemea: pingamizi ni ombi. Halina nguvu ya sheria ndani ya nchi ya mtu mwingine. Anayefungua au kufunga mlango ni mwenye nyumba, na akiufunga, ameufunga yeye.

Basi kwa nini dola kubwa ijisumbue na mtu mmoja?

Kwa sababu jukwaa ni kubwa kuliko mtu. Mpinzani akisalimiana na waziri, picha ile inasema kwamba ana watu nyuma yake na ana hoja ya kusikilizwa. Serikali inayodai kuwa yenyewe ndiyo sauti pekee ya raia wake haiwezi kuipitisha picha hiyo kimya kimya. Pia hasira yenyewe ina wasikilizaji nyumbani, maana raia wanapoona wizara yao imefoka, wanaona nchi imetetewa. Na liko la mfano: mlango mmoja ukifunguliwa, wa jirani naye atauliza kwa nini wake ufungwe.

## Watu walisema nini

Ni nini kilitokea Melbourne mwaka 2009?

Hiki ndicho kisa ninachopenda kukieleza kwa utulivu, kwa sababu walioamua hawakuwa mawaziri. Tamasha la filamu la Melbourne lilikuwa limepanga kuonyesha filamu ya maisha ya Rebiya Kadeer na kumwalika mwenyewe. Ofisa wa ubalozi mdogo wa China akampigia simu mkurugenzi wa tamasha, Richard Moore, akamtaka aiondoe filamu hiyo na aeleze kwa nini aliiweka. Moore akakataa. Wakurugenzi wa filamu wa China wakaondoa kazi zao. Tovuti ya tamasha ikavamiwa na kubandikwa bendera ya China na maneno ya kumlaani Kadeer. Mfumo wa kuuza tiketi nao ukavurugwa.

Hapo watu wa kawaida wakaingia. Wengi walikuwa hawajapata kulisikia neno Uighur maishani mwao. Filamu iliyokuwa ionyeshwe katika ukumbi wa kawaida wa sinema ikahamishiwa Town Hall ya jiji kwa wingi wa waliotaka kuiona, na tarehe 8 Agosti ikaonyeshwa Kadeer akiwapo. Siku tatu baadaye alihutubia klabu ya taifa ya waandishi wa habari mjini Canberra, ambayo nayo ilikuwa imeombwa na ubalozi ivunje mwaliko.

Ukisoma waliyosema wengi wakati ule, utaona hawakuwa wakibishana kuhusu Xinjiang. Walikuwa wakiuliza: ni nani anayetuchagulia tutakachotazama katika mji wetu? Mtu huweza kutojua lolote kuhusu mgeni, lakini haki ya mlango wake anaijua.

Wachina waliokasirika walitumwa na serikali yao?

Hapana, na nasisitiza hapana. Wako waliosukumwa, lakini hasira ya wengi ilikuwa ya kweli. Kwa hesabu ya serikali, ghasia za Urumqi ziliua watu 197, na wengi wao, kwa hesabu hiyo hiyo, walikuwa Wahan, kabila lililo kubwa zaidi nchini China. Fikiria umefiwa na ndugu mwezi wa Julai, na Agosti unamwona mtu uliyeambiwa ndiye mchochezi akipigiwa makofi ugenini. Jia Zhangke, mtengenezaji filamu anayeheshimiwa sana duniani na ambaye mwenyewe amepata taabu na wakaguzi wa kwao, alikuwa miongoni mwa walioondoa filamu zao.

Kadeer naye aliteleza. Katika siku zile za Julai alionyesha kwenye televisheni picha akidai ni ya Urumqi, kumbe ilikuwa ya maandamano ya Shishou, mkoani Hubei, yasiyohusiana na Wauighur hata kidogo. Waliompinga waliishika picha ile kwa mikono miwili. Mdhulumiwa hatakiwi kuwa mkamilifu ndipo asikilizwe, lakini anayesema kwa niaba ya watu wasio na sauti, picha moja ya uongo inawagharimu wao kabla ya kumgharimu yeye.

Nchi nyingine alikokwenda au alikotaka kwenda mwaka huo zilifanyaje?

Japani ilimpa viza mwezi Julai, China ikalalamika. Taiwan ilimkatalia mwezi Septemba, huku filamu yake ikionyeshwa mjini Kaohsiung. Safari za watalii kutoka China bara zikaanza kuukwepa mji huo. New Zealand alifika Oktoba, na Televisheni ya Wamaori ilikuwa imeirusha filamu hiyo licha ya kuombwa isiirushe. Kwa maoni yangu hili la Wamaori lina utamu wake: watu wanaojua kunyang'anywa lugha na ardhi hawakuhitaji kufafanuliwa sana.

Afrika Kusini ilimkatalia kweli Dalai Lama, nchi ya Mandela?

Ndiyo, na si mara moja. Alikuwa amezuru bila tatizo mwaka 1996, akaonana na Mandela mwenyewe. Machi 2009 alialikwa kwenye mkutano wa amani mjini Johannesburg uliofungamanishwa na maandalizi ya Kombe la Dunia la 2010. Serikali ikamnyima viza ikisema ziara yake haikuwa na manufaa kwa taifa wakati ule. Askofu Mkuu Desmond Tutu na F. W. de Klerk wakajitoa, mkutano ukaahirishwa. Waziri wa afya, Barbara Hogan, aliikosoa hadharani serikali aliyomo.

Mwaka 2011 ikawa chungu zaidi. Tutu alikuwa anatimiza miaka 80 tarehe 7 Oktoba, na aliyemtaka karamuni ni rafiki yake. Viza haikukataliwa wala haikutolewa, mpaka Dalai Lama akaivunja safari mwenyewe siku chache kabla. Mzee Tutu akasimama mbele ya waandishi akiwa amewaka, akasema serikali hii ni mbaya kuliko ya ubaguzi wa rangi, kwa kuwa ile angalau ulijua utarajie nini kwake. Waliompenda walishtuka. Wengine walimwona amekufuru. Lakini nadhani alisema kilichokuwa vifuani mwa wengi: miaka ile ya ubaguzi, wapigania uhuru wa Afrika Kusini walikuwa wao ndio wageni wanaobisha hodi duniani, na serikali ya Pretoria ndiyo iliyokuwa ikilalamika wakipokewa.

Mwaka 2014 washindi wa Tuzo ya Amani ya Nobel walikuwa wakutane Cape Town. Wenzake walipoona Dalai Lama hatapata viza, baadhi wakakataa kuja, na mkutano ukahamia Roma.

Basi pingamizi humpandisha mgeni jina?

Mara nyingi, kama Melbourne. Si kila mara. Novemba 2016 Mongolia ilimpokea Dalai Lama. China ikasimamisha mazungumzo ya mikopo na kuongeza tozo kwa bidhaa zinazovuka mpaka. Kabla ya mwaka kwisha, waziri wa mambo ya nje wa Mongolia alikuwa ameshasema kiongozi huyo hataalikwa tena na serikali yao. Ni nchi iliyobanwa kati ya majirani wawili wakubwa, na mauzo yake karibu yote huelekea China. Kelele ya umma hulinda mlango pale mwenye mlango ana njia nyingine ya kutokea.

## Fedha

Nchi ikimpokea mpinzani, biashara yake huanguka?

Wachumi wawili wa Ujerumani, Andreas Fuchs na Nils-Hendrik Klann, waliipima hoja hii. Walikuta kwamba katika enzi ya Hu Jintao, rais wa zamani wa China, viongozi wa juu wa nchi wakionana na Dalai Lama, mauzo ya nchi hiyo kwenda China yalishuka kwa takriban asilimia 8 hadi 17, na athari ilififia baada ya miaka miwili hivi. Kwa hivyo maumivu yapo, ila hupoa.

Australia yenyewe ni funzo. China ilifuta ziara ya naibu waziri wa mambo ya nje kwa sababu ya viza ya Kadeer. Lakini tarehe 18 Agosti, siku kumi tu baada ya filamu kuonyeshwa, PetroChina ilitia sahihi mkataba wa kununua gesi ya mradi wa Gorgon wa Australia Magharibi, wenye thamani ya takriban dola bilioni 50 za Australia. Mwenye shida ya gesi ataikasirikia nchi asubuhi na kununua kwake jioni.

Norway iliumia muda mrefu zaidi. Baada ya Liu Xiaobo, mpinzani wa China aliyekuwa gerezani, kupewa Tuzo ya Amani ya Nobel mjini Oslo mwaka 2010, China iligandisha uhusiano hadi Desemba 2016, ingawa tuzo hiyo haitolewi na serikali.

Sisi tunaodaiwa pesa za reli tuna ubavu wa kusema?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, kana kwamba anayedai yuko kibarazani. Reli ya SGR kutoka Mombasa hadi Nairobi ilizinduliwa tarehe 31 Mei 2017, na sehemu kubwa ya gharama yake ni mkopo wa Benki ya Exim ya China. Deni hilo serikali imelikopa kwa jina letu na tunalilipa. Hatukuweka rehani ndimi zetu.

Na tumeshasema. Mwaka 2019 watu wa Mombasa walitoka barabarani kupinga makontena yote kulazimishwa kupanda reli, kwa sababu malori, gereji, mahoteli ya madereva na familia za bandarini zilikuwa zinakufa njaa. Hakuna aliyewaambia kwamba mwenye deni hana mdomo. Botswana nayo inafanya biashara na China, lakini mwaka 2017 Dalai Lama alipotarajiwa Gaborone na Beijing ikapinga, Rais Ian Khama alishikilia kwamba nchi yake si koloni la mtu. Safari ile ilivunjika kwa sababu mgeni alichoka na madaktari wakamzuia.

## Kwetu Mombasa

Haya ni ya Wachina, Watibeti na Waaustralia. Sisi yatuhusu nini?

Muulize mtu mzima yeyote wa Majengo kuhusu Sheikh Khalid Balala.

Alikuwa mhubiri wa jukwaani, akiwahutubia watu mtaani mwaka 1992, mwaka ambao chama cha Islamic Party of Kenya kilinyimwa usajili na Mombasa ikafuka moshi wa vitoa machozi. Alikamatwa mara kadhaa. Kisha akasafiri kwenda Ujerumani. Mwaka 1994 pasipoti yake ilipotaka kuhuishwa, serikali ya Kenya ikakataa, ikidai kwamba yeye ni raia wa Yemen. Kijana aliyezaliwa Kenya akaambiwa si wa Kenya kwa sababu ya asili ya wazee wake. Alikwama ughaibuni hadi Julai 1997 aliporuhusiwa kurudi.

Wakati ule nilikuwa shule ya sekondari. Nakumbuka jinsi nyumba zetu zilivyogawanyika. Kuna waliosema maneno yake makali yametuletea mabomu ya machozi hadi misikitini na heri akae huko huko. Kuna waliosema: hata kama simpendi, akivuliwa Ukenya yeye leo kwa jina lake, kesho nitavuliwa mimi, maana langu halina tofauti. Hoja hii ya pili ndiyo iliyonifunza. Mtu wa Pwani mwenye jina la Kiarabu, aliyezoea kuombwa cheti cha babu yake dirishani anapoomba kitambulisho, hahitaji kusomeshwa uhamisho ni nini. Ndiyo maana nikiona serikali yoyote inaifuata safari ya mtu hadi ng'ambo, siwezi kusema hainihusu.

Kama Wauighur ni Waislamu, mbona dola za Kiislamu zimenyamaza?

Nyingine hazikunyamaza tu, zimesimama upande wa pili. Julai 2019 Saudi Arabia, Misri, Pakistan na Imarati zilikuwa kati ya nchi zilizotia sahihi barua ya kuisifu sera ya China Xinjiang. Agosti 2022 ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ilisema yanayotendeka huko huenda ni uhalifu dhidi ya ubinadamu. China ilikanusha, ikieleza kuwa vile vilikuwa vituo vya mafunzo ya kazi na kupambana na ugaidi. Oktoba mwaka huo Baraza la Haki za Binadamu lilipiga kura kuamua iwapo ripoti ijadiliwe, ijadiliwe tu. Waliokataa walikuwa 19, waliokubali 17, na 11 hawakuchagua upande. Indonesia, Pakistan na Qatar zilikataa. Nchi pekee ya Afrika iliyosema ndiyo ni Somalia, yenye matatizo ya kutosha yake yenyewe.

Sababu ni zile zile zilizo kwenye sehemu ya fedha hapo juu, pamoja na moja zaidi: serikali nyingi zina Kadeer wao. Haziwezi kuitetea kanuni ambayo kesho itamfungulia mlango mpinzani wao.

Tukitaka kutoa msimamo wetu hapa, sheria inaruhusu?

Inaruhusu. Katiba ya 2010, kifungu cha 33, inalinda uhuru wa kujieleza, na kifungu cha 37 kinalinda haki ya kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha malalamiko kwa amani na bila silaha. Sheria ya Utulivu wa Umma inataka mwandalizi ampe taarifa mkuu wa kituo cha polisi siku zisizopungua tatu na zisizozidi kumi na nne kabla. Ni taarifa, si kuomba ruhusa, ingawa wapo maofisa wanaozichanganya hizi mbili.

Naomba jambo moja. Msimamo uelekezwe kwa serikali. Mchina anayeuza vyombo mjini, au fundi wa reli Miritini, hakumfunga mtoto wa mtu. Ukimtukana dukani kwake unafanya kile kile tulichofanyiwa sisi kila bomu lilipolipuka mahali na watu wakatutazama vibaya kwa kanzu zetu.

## Mafundo

Na mgeni akiwa ametajwa kuwa gaidi?

Hapa usikimbilie upande. Wapo magaidi wa kweli, na mji wetu unajua. Lakini neno hilo pia ni kufuli la bei rahisi. Dolkun Isa, kiongozi mwingine wa Wauighur na raia wa Ujerumani, alipewa viza ya India Aprili 2016 ili ahudhurie mkutano Dharamsala. China ikalalamika kwamba anatafutwa na Interpol, na India ikaifuta viza. Februari 2018 Interpol yenyewe iliiondoa ilani ile. Viza iliyofutwa haikumrudia, na mkutano ulishapita.

Ilani nyekundu ya Interpol si hukumu. Ni ombi la nchi moja kwa nyingine limtafute mtu. Uliza: kuna mahakama iliyousikia ushahidi? Mshtakiwa alipata kujitetea? Nchi anakoishi, yenye polisi wake, imemwona ni hatari?

Serikali isipokataa viza bali ikakaa kimya, kuna la kufanya?

Kuna mahakama. Baada ya yale ya 2011, vyama vya upinzani vya Mangosuthu Buthelezi na Mosiuoa Lekota viliishtaki serikali ya Afrika Kusini. Novemba 2012 Mahakama Kuu ya Rufaa iliamua kwamba waziri wa mambo ya ndani wa wakati ule, Nkosazana Dlamini-Zuma, aliuchelewesha uamuzi kinyume cha sheria. Karamu ya Tutu ilikuwa imepita mwaka mzima. Hata hivyo hukumu ile imeandika kwamba waziri hana haki ya kumsotesha mtu makusudi bila jibu, na kwamba anaweza kuulizwa.

Ni nani anayelipa hasa mgeni akiendelea kusafiri?

Jamaa aliowaacha. Hili huwa silijibu haraka. Mtoto wa Kadeer, Alim, alihukumiwa miaka saba kwa kesi ya kodi mwishoni mwa 2006, siku zile zile mama yake alipochaguliwa kuliongoza kongamano. Ndugu yake, Ablikim, alipata miaka tisa mwaka uliofuata. Na Agosti 2009, mama akiwa mbioni kwenda Australia, vyombo vya habari vya serikali vilichapisha barua zilizosemekana ni za wanawe na ndugu zake, wakimlaumu kwa damu ya Urumqi.

Barazani mzee mmoja aliniuliza: "Ungekuwa wewe, ungepanda ndege?" Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Ila najua kwamba anayemlaumu mama kwa vifungo vya wanawe amemsahau aliyeshika ufunguo wa gereza.

Serikali inaweza kufanya zaidi ya kulalamika?

Inaweza, na imefanyika kwetu. Oktoba 2024 Waturuki wanne waliotambuliwa kuwa wakimbizi walitekwa Nairobi. Wizara yetu ya mambo ya nje ikathibitisha kwamba wamerudishwa Uturuki kwa ombi la serikali hiyo. Tarehe 16 Novemba mwaka huo huo, Kizza Besigye, mpinzani wa Uganda aliyekuja Nairobi kwa uzinduzi wa kitabu cha Martha Karua, alitoweka, na siku nne baadaye akaonekana katika mahakama ya kijeshi Kampala. Besigye hakuwa mhamishwa, alikuwa mgeni tu. Mkataba wa 1951, kifungu cha 33, unakataza kumrudisha mkimbizi anakohatarishwa, na Kenya imeuridhia.

Visa hivi viwili viliniuma kuliko vya Canberra na Pretoria vyote. Kule walibishana kama mgeni aingie. Huku mgeni alikuwa ameshaingia, ameshakaribishwa, na akatolewa ndani ya nyumba usiku. Sisi ambao kwetu mgeni hupewa chumba cha mbele.

Nikialikwa kumsikiliza mtu kama huyu Mombasa, niende?

Nenda, na uende na maswali magumu. Muulize anataka nini hasa, kujitawala, uhuru kamili au haki tu ndani ya nchi aliyotoka. Muulize anasemaje kuhusu waliouawa na watu wa upande wake. Muulize nani anamlipia safari. Mpinzani wa kweli ameshaulizwa haya na watu wakali kuliko wewe.

Ukishatoka, usibandike picha za ukumbini ovyo. Mzungumzaji ameshajitoa, uso wake unajulikana. Lakini safu ya nyuma huenda amekaa mwanafunzi au mfanyabiashara wa kwao, aliyekuja kusikia lugha yake ikizungumzwa, na mamake bado yuko kule.